Winchi ya Kufichwa Ndooni

Jambo la kwanza nililoliona kwa Zenonas ni kwamba alisalimia gari kabla ya kumsalimia mwenye gari. Alikuwa akiingia uani kwako anavua kofia, na badala ya kukutazama usoni anainama, anapinda shingo na kuchungulia chini ya bampa. Anatafuta pa kutia ndoano. Akishapaona, ndipo ananyoosha mgongo, anakupa mkono na kuuliza mama yako anaendeleaje na magoti yake. Nilikuwa nimerudi kijijini kutoka chuo kikuu, nimeanza kufundisha Kijerumani katika shule moja ya mjini Marijampolė, na kwa wiki nzima nilimhesabu jirani huyu kuwa mtu asiye na adabu. Nilikosea. Zenonas ni mtu mwenye haya kupita kiasi, na habari za haya hiyo ndizo ninazozisimulia hapa, kwa ruhusa yake mwenyewe. Nilipomwomba alifikiri kidogo, akasema, "Andika. Ila usinipunguzie kosa."

Enzi za shamba la ushirika alikuwa fundi wa matrekta. Shamba lilipovunjwa, wanaume wa wilaya yetu waligawanyika: kuna waliobaki na ng'ombe na kuna waliofuata magari. Zenonas akafuata magari. Kila wiki mbili alikwenda Ujerumani au Uholanzi na gari lake la mizigo, trela limefungwa nyuma, akarudi na gari lililochoka, akalitengeneza na kuliuza sokoni mjini. Amefanya hivyo miaka ishirini na sita. Katika miaka hiyo yote hakuna gari lililoshuka kutoka trela lake likiwa na mkwaruzo ambao halikupanda nao. Watu walisema, "Mpe Zenonas, litafika kama yai."

Katika biashara hii ya kwetu, gari linalopanda trela kwa nguvu zake lenyewe ni gari. Linalovutwa kwa winchi, ile mashine ya kuviringa waya kwenye ngoma, ni maiti. Mnunuzi akiona tu winchi mbele ya trela lako, anauliza, "Vipi bwana, siku hizi unasafirisha wafu?" na bei inashuka hapo hapo. Kwa hiyo kila mchuuzi anayo winchi, na kila mchuuzi anaificha. Mmoja anaifunika kwa gunia, mwingine anapakia nyuma ya ghala ambako hakuna macho. Ya Zenonas, ya kuzungusha kwa mkono, ilikaa chini ya ndoo ya plastiki iliyopinduliwa, na ndoo yenyewe ilifungwa kwa waya ili upepo wa barabara kuu usiing'oe.

Mwaka jana mwezi wa Aprili bega lake la kulia likagoma. Mkewe Nijolė akamwambia achague kati ya winchi ya umeme na mke wa kumlisha kwa kijiko. Nilikuwa nimepata lifti yake kwenda mjini siku aliyokwenda kununua, ndiyo maana niliyasikia mazungumzo yake na Vaidotas, muuza vipuri.

"Gari zito kuliko yote unayobeba lina uzito gani?" Vaidotas akauliza.

"Mimi nabeba yanayobingirika."

"Sikukuuliza kama yanabingirika, mzee. Iko siku utapata lisilobingirika."

"Hilo nitawaachia wenzangu."

Vaidotas akaweka winchi mbili juu ya meza. Moja ilikuwa kubwa, ya kuvuta tani nne na zaidi, ngoma yake pana kama mkate mzima, na ilihitaji nyaya nene za kutoka kwenye betri na bamba zito la chuma la kuikalia. Ya pili ilikuwa ndogo kama buti la mtoto. Ubavuni iliandikwa tani mbili.

"Sikiliza vizuri," Vaidotas akasema. "Namba hii iliyoandikwa ni ya waya ukiwa umebaki tabaka moja tu kwenye ngoma. Kila tabaka linaloongezeka linakula nguvu. Na hii ndogo ngoma yake ni nyembamba, waya unapandana juu kwa juu. Chukua kubwa."

"Gari langu zito ni tani moja na nusu. Hii inavuta mbili. Au siku hizi mbili imekuwa ndogo kuliko moja na nusu?"

"Hujaweka mteremko. Hujaweka matope. Hujaweka tairi lisilo na upepo."

Zenonas akatoa futikamba mfukoni. Akapima kimo cha winchi kubwa, akapima cha ile ndogo, kisha akasimama akinyoosha futikamba hewani, kama anayekumbuka kipimo cha kitu kilichobaki nyumbani.

"Kubwa haiingii," akasema.

"Haiingii wapi?"

"Ndooni."

Vaidotas akacheka hadi akashika meza. "Mzee wewe, umekuja kununua winchi au kofia? Haya, basi nunua na kapi hili. Ukilitundika kwenye gari na kuupitisha waya humo, ukaurudisha kwenye trela, nguvu inakuwa mara mbili. Mwendo utapungua nusu, lakini utafika."

Zenonas akanunua kapi ili aache kuchekwa. Akalitupa chini ya kiti, na huko likabaki.

Katika njia hiyo hiyo ya kijiji chetu anaishi Bibi Leokadija, mjane wa miaka themanini na miwili. Mumewe, marehemu Pranciškus, alikuwa na Volga ya rangi ya maziwa, gari alilolipenda kiasi kwamba watoto waliambiwa wavue viatu kabla ya kuingia. Tangu azikwe, miaka kumi na mmoja, Volga ilikuwa imesimama bandani. Mwaka jana mjukuu wao Miglė alichumbiwa, na harusi ikapangwa tarehe ishirini Septemba. Bibi Leokadija akatangaza mezani kwamba Volga ipelekwe kwa fundi wa mji wa Alytus ifufuliwe, na kwamba atakayeiendesha kumpeleka bibi harusi kanisani ni baba yake Miglė, yaani mkwewe Egidijus.

Kwa mtu mwingine hilo lingekuwa jambo dogo. Kwa Egidijus halikuwa dogo. Anafundisha muziki katika shule ya watoto mjini, mtu mpole, mwenye vidole virefu vyeupe, na miaka ishirini na minne aliyokuwa mkwe wa nyumba ile hakuwahi kuruhusiwa hata kuiosha Volga. Pranciškus alikuwa akisema mbele ya wageni, "Mwacheni Egidijus, ile mikono ni ya kinanda." Sasa Bibi Leokadija alikuwa ameutoa ufunguo ubaoni na kumwonyesha: huu ni wako siku ile. Mkewe Audronė alituambia kwamba alirudi nyumbani akaendesha gari lao dogo akiwa amenyooka kama askari, anafanya mazoezi.

Wakamwita Zenonas aipakie. Ilikuwa Jumamosi ya kwanza ya Julai, jua kali, na tulikuwa watu kama kumi uani, kwa sababu kijijini kwetu Volga ya Pranciškus kutoka bandani si jambo la kukosa. Ua ule una mteremko wa kuelekea kisimani. Volga ilisukumwa mpaka nje ya banda. Injini haikuwa na uhai. Waya wa breki ya mkono ulikuwa umeoza na breki za mguu hazikushika kitu. Tairi za nyuma zilikubali upepo, za mbele zikakataa. Kwa hiyo hapakuwa na njia nyingine: ilibidi winchi itumike, mchana kweupe, mbele za watu.

Zenonas akaifungua ile ndoo kama mtu anayevua shati mbele ya daktari.

"Alaa!" akapiga kelele Kazys, mfugaji nyuki wa ng'ambo ya barabara. "Miaka yote hii nilidhani humo unafuga samaki!"

Watu wakacheka. Masikio ya Zenonas yakawa mekundu, na tangu hapo, aliniambia baadaye, alitaka kitu kimoja tu: iishe haraka. Alirudisha trela karibu sana na Volga, ili kuvuta kuwe kufupi. Kwa hiyo waya uliotoka ulikuwa mita nne tu, na uliobaki ulikuwa umejaa ngomani, tabaka juu ya tabaka. Alitia ndoano chini ya bampa, akafunga usukani kwa kamba usigeuke, akampa Egidijus, aliyekuwa amekuja na mkewe, rimoti iliyoning'inia kwenye waya mfupi.

"Kishale cha juu, inavuta. Cha chini, inaachia. Nikisema simama, toa kidole."

"Nitaweza."

"Ni kinanda hicho hicho, mwalimu. Ila hiki kina vitufe viwili."

Wakacheka tena, nami nikacheka.

Winchi ikaanza. Magurudumu ya mbele, bapa kama chapati, yalifika kwenye reli za kupandia na kukataa. Winchi ikabadili sauti ikawa ya chini, nzito. Zenonas akatupa jicho kwenye mlango wa gari lake, kule chini ya kiti kulikokuwa na kapi. Kulileta kungekuwa kusema mbele ya watu wote kwamba winchi yake haiwezi. Hakwenda. Akaweka bega lake zima kwenye nguzo ya dirisha, sisi wengine tukasukuma nyuma, na Volga ikapanda: magurudumu ya mbele juu ya trela, ya nyuma katikati ya reli. Hapo harufu ya kitu kinachoungua ikatoka.

"Simama!"

Egidijus akatoa kidole. Volga ikabaki imening'inia pale, imeshikwa na winchi peke yake. Kabari za kuzuia magurudumu zilikuwa ndani ya sanduku la trela, hatua tatu.

Wakati ule ule Bibi Leokadija akatokea mlangoni na sinia. Kwetu, kitu kikiondoka uani, mwenye kutoa na mwenye kuchukua hunywa pamoja, kiende bila majuto. Tunaita magaryčios. Hunywewa magurudumu yakishatoka langoni, si kabla. Lakini macho ya bibi yaliona gari liko juu ya trela, akaamini kazi imekwisha.

"Njooni magaryčios, kabla sijaanguka na glasi zenu!"

Bibi wa miaka themanini na miwili amesimama juani na sinia. Kumwambia ngoja kidogo ni kumwambia amekosea nyumbani kwake, na pia ni kumwambia kwamba gari bado. Zenonas akafuta mikono kwenye suruali, akaenda akachukua glasi ya kinywaji cha mkate mweusi, kile kisicholevya, kwa kuwa ana safari.

"Na wewe njoo," Audronė akamwita mumewe.

"Nimeshika hiki," Egidijus akajibu, akiinua rimoti. Hakuondoka pale.

Zenonas hakuwa amemaliza glasi tulipousikia mlio. Kwanza tk, tk, tk, kama saa. Kisha ukawa mkwaruzo mrefu. Volga ilikuwa inarudi nyuma. Egidijus akaminya kitufe, mota ikalia kwa sauti kubwa bila kusaidia, na gari likateremka reli, likavuka ua likiongeza mwendo, likajipiga kwenye ukingo wa zege wa kisima. Hakuna aliyeumia. Taa ya nyuma ya kushoto na bodi yake viliingia ndani kama kopo lililokanyagwa.

Kisha Bibi Leokadija akasema, "Egidijus! Umebonyeza nini?"

"Sikubonyeza kitu, mama. Niliona inateremka, ndipo nikabonyeza juu."

"Kwa hiyo umebonyeza!"

"Juu, mama. Nilibonyeza juu."

"Pranciškus alisema. Aliyasema haya haya, kwamba ile mikono ni ya kinanda." Akamgeukia Zenonas, na sote tukamgeukia, kwa kuwa yeye ndiye mjuzi. "Zenonas, wewe unajua vyombo vyako. Sema."

Zenonas alijua. Aliijua sauti ile tangu tk ya kwanza: breki ya ndani ya winchi ilikuwa imepata moto na kuachia. Alitazama glasi mkononi mwake.

"Vitufe viko karibu karibu," akasema.

Hakusema zaidi ya hapo. Ukiyachunguza maneno yale, si uongo. Vitufe kweli viko karibu karibu. Egidijus aliiweka rimoti juu ya trela taratibu, kama mtu anayeweka chini kitu kinachovunjika, akaingia kwenye gari lake akaondoka. Audronė alikwenda kwa miguu mpaka kituo cha basi arudi mjini peke yake, maana hakujua akae upande gani. Bibi Leokadija akautia ufunguo wa Volga kwenye mfuko wa aproni. "Atatafutwa dereva mwingine," akasema, na sinia ikarudi ndani glasi zikiwa zimejaa.

Wiki zilizofuata Zenonas hakwenda Ujerumani. Kanisani aliingia kwa mlango wa pembeni. Akiona gari dogo la Egidijus linapita barabarani, alikuwa akiinama nyuma ya trela kama anayetafuta nati. Siku moja mwishoni mwa Julai akaja kwetu na kijitabu cha maelekezo cha winchi, kimeandikwa Kijerumani na Kipolandi. Kijerumani chake ni cha sokoni: bei, kilomita, kutu. Cha kitabuni kinamshinda.

"Mwalimu, nisomee hapa palipo na alama."

Nikamsomea: winchi si breki, mzigo usiachwe kamwe ukishikwa na winchi peke yake, magurudumu yazuiwe kwa kabari kila winchi inaposimama. Ukurasa wa nyuma ulieleza habari za tabaka za waya, neno kwa neno alivyoeleza Vaidotas.

"Rudia hiyo ya breki."

Nikarudia. Akaniambia nirudie tena.

"Kwa nini hukuniletea kabla hujaifunga?" nikauliza.

"Kabla, nilikuwa najua."

Ndipo akanieleza yote, macho yake kwenye kitambaa cha meza. Hatua tatu kwenda kwenye kabari. Kapi chini ya kiti. "Yule mtu alifanya kitu kimoja tu siku ile," akasema, "na ni kile nilichomwambia. Alikaa pale. Mimi ndiye niliyekwenda kunywa."

"Basi nenda kamwambie Bibi Leokadija."

"Unasema kama vile ni kumpelekea maziwa."

Nilimjibu kwa ukali wa mtu aliyetoka chuoni majuzi, maneno mengi juu ya ukweli na haki. Alinisikiliza kwa adabu. Alipoondoka nikakumbuka kwamba na mimi nilikuwa uani, nikisukuma nyuma ya gari lile, na niliona magurudumu hayana kabari, na nilikicheka kile kichekesho cha kinanda. Sikuwa nimemwambia mtu hata mmoja.

Kilichofuata ndicho Zenonas anachokionea aibu kuliko ajali yenyewe. Alikwenda kweli kwa Bibi Leokadija, lakini njiani maneno yakamwishia. Alipofika akasema tu kwamba angependa kuinyoosha ile bodi iliyobonyea na kutafuta taa nyingine, bila malipo.

Bibi akamshika mkono kwa mikono yake miwili. "Wewe ni mtu mwema, Zenonas. Unalibeba kosa la mkwe wangu kama lako."

Akamketisha, akamwandalia supu baridi ya bitiruti na viazi vya moto. Zenonas akala. Akaongezewa, akala tena. Alifika nyumbani akamwambia Nijolė kwamba tumbo linamuuma.

"Si tumbo," Nijolė akasema. "Tangu mwezi uliopita unatia chumvi kwenye chai na unainywa mpaka mwisho. Nenda ukaseme, Zenonas. La sivyo nitakwenda mimi, na nikisema mimi utatoka mbaya zaidi."

Siku ya pili akaenda mjini, akairudisha winchi ndogo kwa Vaidotas, akaongeza fedha na kuchukua ile kubwa. Akachomelea bamba jipya la chuma, akaifunga mahali pake, na mahali pale hapakuwa tena na nafasi ya ndoo. Lakini bado alikuwa hajasema.

Alisema tarehe kumi na tano Agosti, sikukuu ya mitishamba, wanawake wanaporudi kanisani na mafungu yao ya majani na maua yaliyobarikiwa na kila nyumba inakula pamoja. Mimi na mama yangu tulikuwa tumealikwa kwa Bibi Leokadija. Egidijus alikuwapo kwa ajili ya mkewe, ameketi mwisho wa meza karibu na mlango, sahani yake haijaguswa. Miglė, bibi harusi, aliketi karibu yake na hakumwacha peke yake hata dakika moja. Zenonas akaingia, kofia mkononi, kijitabu ndani ya kofia.

"Karibu, karibu," bibi akasema. "Mpeni kiti mtu huyu."

"Sikai, shangazi. Nikikaa sitasema." Kwetu kila mwanamke mzee wa jirani huitwa shangazi.

Akasema. Alianzia dukani, kwenye ndoo, akashuka hatua kwa hatua: trela lililosogezwa karibu mno, waya uliojaa ngomani, kapi, kabari, glasi. "Egidijus hakukosea kitu," akamalizia. "Winchi iliachia yenyewe, na aliyeiacha peke yake nilikuwa mimi. Nilijua tangu siku ile. Uliponiuliza, nilijua."

Kazys mfugaji nyuki, aliyekuwa pale na chupa yake ya asali, alitaka kutia mzaha, akautazama uso wa bibi, akaacha.

"Na siku uliyokuja kwa ajili ya ile bodi," Bibi Leokadija akasema polepole, "nikakuita mtu mwema?"

"Nilikuwa huyu huyu, shangazi."

"Ukala supu yangu."

"Nilikula."

"Mabakuli mawili."

"Mawili."

Egidijus akasimama. Hakupandisha sauti, sidhani kama anajua namna ya kuipandisha. "Wiki sita, Zenonas," akasema. "Wiki sita mama mkwe hanijibu salamu. Hayo nimeyazoea. Lakini mke wangu mwenyewe ameniuliza mara mbili kama nina hakika na kidole changu. Na mara ya pili, mimi mwenyewe sikuwa na hakika."

Akatoka nje. Audronė akafunika uso kwa kitambaa chake.

Mimi nilisema, kwa sauti niliyoitarajia iwe kubwa zaidi, kwamba nami niliona siku ile hapakuwa na kabari. Bibi Leokadija hata hakunigeukia. Alikuwa ametia mkono kwenye mfuko wa aproni.

"Na mimi," akasema, "nilimtoa marehemu kaburini ili amtukane mtu." Akautoa ufunguo, akauweka kando ya sahani ya Egidijus. "Fundi wa Alytus anasema akiipata Volga kabla ya mwisho wa Agosti, ataimaliza harusi haijafika. Zenonas, utaipakia Jumamosi ijayo. Saa nne asubuhi, jua likiwa juu. Waliokuwapo siku ile nitawaita wote, warudi waone. Rimoti ataishika mkwe wangu, kama atakubali. Asipokubali, gari halitoki bandani, na Miglė atakwenda kanisani kwa teksi."

"Bibi!" Miglė akasema.

"Kwa teksi," bibi akarudia. Audronė akauchukua ufunguo, akaufunga ndani ya kitambaa chake, akatoka kumfuata mumewe.

Wiki nzima Egidijus hakusema ndiyo wala hapana.

Jumamosi tulifika mapema. Zenonas alikuwa amekuja kabla yetu sote. Safari hii aliliegesha trela mbali, karibu na lango, akauvuta waya mpaka ngomani likabaki tabaka moja tu. Kapi lilikuwa limetundikwa kwenye chesisi ya Volga, waya umepita humo na kurudi kwenye trela. Tairi za mbele zilikuwa mpya. Kabari nne zilipangwa nje juu ya majani, mbili kila upande, na ile winchi kubwa ilikaa wazi mbele ya trela, hakuna gunia, hakuna kitu.

"Ndoo iko wapi leo?" Kazys akauliza.

"Nimewapa kuku, wanywee maji."

Watu wakacheka kidogo. Saa nne ikafika. Egidijus hakuwapo.

"Nipe mimi niibonyeze," Kazys akasema. "Kwani ni kazi? Juu, simama, juu, simama."

"Rimoti ina mtu wake," Zenonas akajibu.

"Asipokuja je?"

"Shangazi ameshasema asipokuja itakuwaje."

Bibi Leokadija alikuwa amewekewa kiti kivulini lakini hakukikalia. Saa nne na dakika kumi Miglė akapiga simu mjini. Tulimwona akisikiliza, akitikisa kichwa, akisikiliza tena.

"Mama anasema aliondoka saa tatu na nusu," akatuambia. "Peke yake. Hakumwambia anakokwenda."

"Na ufunguo?" bibi akauliza.

"Ufunguo haupo mezani."

Kutoka mjini mpaka kwetu ni dakika ishirini, thelathini ukikuta trekta mbele yako, na mwezi huu wa mavuno matrekta ni mengi. Kazys akazima sigara yake. Zenonas akaifuta rimoti kwa mkono wa shati, akaiweka juu ya trela, kishale cha juu kikiwa juu, akaokota kabari mbili na kwenda kusimama kwenye magurudumu ya nyuma ya Volga. Kutoka upande wa barabara kuu tukasikia gari dogo likipunguza gia kwenye kona, na sote, pamoja na bibi, tukageukia langoni.